Kitufe hakiwashi kompyuta: kwa nini mashine ya mezani hugoma ghafla

"Jana ilikuwa inafanya kazi vizuri tu." Hakuna fundi wa kompyuta ambaye hajaisikia kauli hii, na kwa kawaida anayeisema hadanganyi. Jana mashine ilichapa, ilifungua mtandao, ilitoa risiti. Usiku umeme ukakatika, alfajiri ukarudi, mwenye steshenari akafungua duka, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikakaa kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Wateja wameshapanga foleni na fomu zao mkononi, na kila mmoja ana uhakika wake: hiyo imeunguzwa na umeme.

Inawezekana kabisa. Ila kuna jambo ambalo mwenye mashine haambiwi mara nyingi. Kompyuta inaweza kuugua miezi mingi na bado ikafanya kazi kila siku, ilimradi haizimwi. Uwezo wa kuanza hufa kabla ya uwezo wa kuendelea. Umeme ukikatika unailazimisha mashine kuanza upya, na ugonjwa wa siku nyingi unaonekana kama ajali ya usiku mmoja.

Kinachotokea ukibonyeza

Kwenye kompyuta za kabla ya katikati ya miaka ya 1990, kitufe kilikuwa swichi hasa. Waya mnene ulitoka kwenye pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, mpaka kwenye swichi hiyo, umebeba umeme ule ule wa ukutani, na kubonyeza kulikuwa kuuruhusu upite. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpangilio mpya uitwao ATX, na kompyuta nyingi za mezani tulizo nazo leo bado zinaufuata, ama wenyewe ama mpangilio uliotokana nao. Humo kitufe kilinyang'anywa kazi. Kilichobaki ni kama kengele ya mlangoni: hakifungui chochote, kinamjulisha aliye ndani.

Aliye ndani ni mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Nyaya mbili nyembamba hutoka kwenye kitufe hadi kwenye pini mbili za mazabodi, na ukibonyeza pini hizo zinaunganishwa kwa kitambo kidogo. Mazabodi ikiona hivyo inaushusha waya wa kijani uendao kwenye pawa saplai mpaka karibu na volti sifuri. Hiyo ndiyo amri ya kuwaka. Pawa saplai ikiipata inaanza kutoa umeme wake mkubwa: volti 12 kwenye nyaya za njano, volti 5 kwenye nyekundu, volti 3.3 kwenye zile za rangi ya chungwa. Kisha inajipima. Volti zote zikitulia, inasubiri kati ya milisekunde 100 na 500, halafu inatuma ishara kupitia waya wa kijivu kwamba mambo yako sawa. Kabla ishara hiyo haijafika, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hairuhusiwi kugusa kazi yoyote.

Sasa, kama kompyuta imezimwa, nani yuko macho kusikia kwamba kitufe kimebonyezwa? Ndani ya pawa saplai kuna saketi ndogo ambayo hailali. Inatoa volti 5 kupitia waya wa zambarau muda wote ambao plagi iko ukutani na umeme upo. Mafundi huuita umeme huo standbai. Ndio unaofanya kipanya chenye taa nyekundu tumboni kiendelee kuwaka wakati umeshazima mashine, na taa ya tundu la kebo ya mtandao iendelee kupepesa usiku kucha. Standbai ikifa hakuna wa kupokea amri, na unaweza kubonyeza kitufe mpaka kidole kife ganzi.

Na standbai ndiyo inayochakaa kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ndiyo isiyopumzika. Ndani yake kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vyenye majimaji ndani, vinavyohifadhi umeme kwa muda. Kapasita ya kawaida huandikwa ubavuni kiwango chake cha joto, kwa mfano nyuzi 105, na mtengenezaji huahidi saa kadhaa za uhai kwenye joto hilo. Tuseme saa 2,000. Kanuni ya kukadiria inayotumika kiwandani ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10, uhai unaongezeka mara mbili. Kapasita hiyo ikikaa kwenye nyuzi 65 utaipatia saa 32,000. Zinasikika nyingi, lakini kwa saketi inayofanya kazi mchana na usiku hiyo ni miaka mitatu na nusu hivi. Ndani ya pawa saplai iliyojaa vumbi, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, nyuzi 65 si jambo la ajabu.

Majimaji yakianza kukauka kapasita haifi siku moja. Inapungua nguvu. Ikiwa ya moto bado inajitahidi, ikipoa inashindwa. Kwa hiyo mashine isiyozimwa inaendelea tu, kwa kuwa haijapata nafasi ya kupoa. Umeme ukikatika saa nane usiku kila kitu kinapoa, na asubuhi standbai haiwezi kusimama. Kuna mafundi huipuliza pawa saplai kwa draya ya nywele kwa dakika chache, mashine ikawaka, na mteja akafurahi kama ameona muujiza. Hiyo si tiba. Ni kipimo, na ni kipimo kizuri: ikiwaka baada ya kupashwa moto, unajua kapasita zimechoka, na unajua vilevile kwamba una muda mfupi wa kunakili mafaili yako kabla haijagoma moja kwa moja.

Kabla ya kushika bisibisi

Neno "haiwaki" linabeba magonjwa matatu tofauti. Kuna mashine iliyo kimya kabisa. Kuna inayoshtuka, feni zikazunguka kidogo, kisha ikazima. Na kuna inayowaka vizuri, feni zote zinavuma, ila kioo ni cheusi. Tatu hizi hazitafutwi mahali pamoja, na anayempigia fundi simu akisema "haiwaki" bila kueleza ni ipi anamfanya aje na vifaa visivyohitajika.

Kwa iliyo kimya, anza ukutani. Watu hupima soketi kwa bisibisi ya testa, ile yenye kitaa ndani ya mpini, na kitaa kikiwaka wanaridhika. Testa inaonyesha tu kwamba waya wa laivu una umeme. Haijui kama nyutro, waya wa kurudishia umeme, imekatika, na haijui kama volti ni 230 au 150. Chaja ya simu nayo inadanganya, maana nyingi zimetengenezwa kukubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo itachaji kwenye umeme mdogo ambao pawa saplai ya zamani haiwezi kuanzia. Chomeka birika la umeme. Likichemka kwa kasi yake ya kila siku, soketi iko salama.

Kisha ekstensheni, halafu UPS. UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, inastahili maelezo kidogo, kwa sababu nyingi ya "kompyuta zilizokufa" maofisini ni UPS iliyokufa. Ndani yake kuna betri ya risasi ya volti 12, mara nyingi ya ukubwa wa ampea-saa 7, ambayo hudumu takriban miaka mitatu hadi mitano ikitunzwa, na pungufu ya hapo kwenye joto. Betri ikichoka kabisa, UPS nyingi hukataa kuwaka hata umeme wa ukutani ukiwepo. Kwa hiyo kompyuta inalala njaa ilhali chakula kipo ukutani. Nyingine zina kitufe kidogo nyuma kinachoruka nje mzigo ukizidi, na chanzo kikubwa cha mzigo kuzidi ni printa ya leza iliyochomekwa humo. Printa hiyo ikiwasha kipasha joto chake inavuta mamia ya wati kwa mpigo. Printa ya leza ichomekwe ukutani. Na kwa uchunguzi wetu, iondoe UPS njiani kabisa, kompyuta uichomeke moja kwa moja kwenye soketi uliyoipima kwa birika.

Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi ndani, na fyuzi hiyo huungua bila kutoa moshi wala harufu. Waya wenyewe, ule unaoingia nyuma ya kasha, au sipiyu kama wengi tunavyoliita, kwa kawaida ni sawa na unaoingia kwenye monita. Badilishana. Monita ikikataa kuwaka kwa waya wa kompyuta, tatizo umelipata na halikugharimu kitu.

Nyuma ya pawa saplai nyingi kuna swichi yenye alama ya I na O. Ikiwa kwenye O imezimwa. Msafisha ofisi anaweza kuigusa kwa ufagio, mtoto anaweza kuichezea. Kwenye pawa saplai za zamani, hasa za mashine zilizokuja zikiwa zimetumika Marekani, kuna swichi nyingine ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hii usiiguse kwa kujaribu. Ikiwekwa 115 kwenye umeme wetu, saketi ya kuingizia umeme inaurudufu, kapasita kubwa zinapata mara mbili ya volti zake za kawaida, kuliko zinavyoweza kubeba, na utasikia mlio ambao jirani pia atausikia.

Kimya cha kweli

Umehakikisha umeme unafika nyuma ya kasha na bado kimya. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 20 au 30, subiri dakika chache, chomeka tena. Ushauri huu unasikika kama uganga, lakini una maelezo. Pawa saplai ina ulinzi unaoikata umeme ukizidi au kukiwa na shoti, na ulinzi huo ukishajifunga mara nyingi haufunguki mpaka standbai ikatike yote. Kuchomoa na kubonyeza kunamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita. Ikiwa kilichotokea usiku ni mtikisiko wa umeme tu, mashine itaamka. Ikiamka kisha ikarudia baada ya siku chache, ulinzi unakuambia kitu na usiendelee kuunyamazisha.

Isipoamka, fungua ubavu wa kasha na uangalie mazabodi ikiwa imechomekwa. Bodi nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka standbai ikiwepo. Dell OptiPlex kadhaa zina kitaa na kitufe cha kujipimia nyuma ya pawa saplai yenyewe, na HP nyingi za ofisini zina kitaa cha kijani karibu na tundu la waya. Ukikiona kinawaka, standbai ipo na unaweza kusogea kwenye kitufe. Kama hakuna hata kitaa kimoja, macho yote yaende pawa saplai.

Kitufe hupimwa kwa kukiruka. Pembeni mwa mazabodi, mara nyingi kona ya chini, kuna kundi la pini zilizoandikwa F_PANEL, na mbili kati yake zina maandishi kama PWR_SW au PWRBTN. Chomoa kiplagi kilichopo hapo, kisha zigusishe pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Umeme uliopo hapo ni mdogo sana, hautakudhuru. Ikiwaka, mgonjwa alikuwa kitufe, na kuna mashine nyingi mjini zinazoishi kwa kuazima kitufe cha riseti kufanya kazi ya kuwashia. Mimi sioni aibu yoyote kwa hilo.

Hapa ndipo multimita, kile kifaa cha kupimia volti, inapojilipa yenyewe. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), kiwango cha 20, ncha nyeusi iguse waya wowote mweusi, na ncha nyekundu uiingize kwa nyuma kwenye plagi kubwa ya pini 24, bila kuichomoa kwenye mazabodi. Waya wa zambarau, ambao ni pini ya 9, unatakiwa usome kati ya volti 4.75 na 5.25 kompyuta ikiwa imezimwa. Ukisoma sifuri au volti mbili tatu zinazoyumba, zima ukutani, chomoa plagi ile kutoka kwenye mazabodi, washa, upime tena. Ikibaki sifuri, pawa saplai imekwisha. Ikipanda kuwa 5 safi, pawa saplai haina kosa, kuna kitu kwenye mazabodi kinachoinywa.

Kama zambarau iko sawa, hamia kijani, pini ya 16, waya pekee wa rangi hiyo, wenye weusi pande zote mbili. Ukiwa hujabonyeza kitu utasoma volti kadhaa. Mwenzako abonyeze kitufe. Zikishuka karibu na sifuri, mazabodi imetoa amri, na kama pamoja na hayo nyaya za njano hazipandi kufika 12, pawa saplai imesikia na imeshindwa, au imeanza ikakuta shoti ikajifunga. Zisiposhuka, amri haikutolewa, na umebaki na kitufe au mazabodi. Vipimo viwili na nusu, dakika tano, na umeokoa siku nzima ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Pawa saplai mpya zenye nyaya zote nyeusi zinapimwa vivyo hivyo, ila unahesabu pini badala ya kuangalia rangi.

Asiye na multimita hutumia kipande cha waya. Plagi ya 24 inachomolewa kabisa kutoka kwenye mazabodi, waya wa kijani unaunganishwa na mweusi kwa kipande hicho, kisha pawa saplai inawashwa. Feni ikizunguka, inaweza kuanza. Kuanza si sawa na kubeba mzigo, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba pawa saplai yake ni nzima kwa kipimo hiki peke yake. Zipo pia ambazo feni yake haizunguki mpaka joto lipande, hivyo kimya nacho hakithibitishi kifo.

Onyo moja tu, na sitalirudia: usifungue pawa saplai yenyewe. Umeme wa 230 ukigeuzwa kuwa DC unafika volti 320 na ushee, na unakaa kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya. Wengine huifungua kutafuta fyuzi iliyoungua, wanaikuta, wanaweka kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hiyo karibu kila mara imeungua kwa sababu transista iliyo mbele yake imekufa ikawa shoti. Ukiweka waya, kinachofuata kukatika ni swichi kuu ya nyumba, na hiyo ikiwa bahati ni yako.

Wezi wa pawa saplai

Watu huogopa umeme unapokatika. Unaporudi ndio wa kuogopa zaidi. Kila friji, pampu na kiyoyozi cha mtaa kinaanza kwa wakati mmoja, volti zinashuka, zinapanda, zinatulia baada ya muda. Tabia ya kuchomoa mashine umeme ukikatika na kusubiri dakika kadhaa baada ya kurudi inaokoa vifaa kuliko ekstensheni yoyote iliyoandikwa kwamba ina ulinzi. Baya zaidi ni nyutro ya nguzo kukatika. Nyumba zinazolishwa na laini tofauti zinajikuta zimeunganishwa kati ya laini mbili, na kifaa kilichozoea 230 kinaweza kupata kuelekea 400. Dalili yake ni taa za nyumba moja kung'aa kupita kiasi wakati za jirani zinafifia. Ukiona hivyo kimbilia swichi kuu, simu ya shirika la umeme ifuate baadaye.

Kuna na mjusi kafiri. Pawa saplai ina joto na giza, na tundu la feni linamtosha kupita. Akijilaza juu ya saketi yenye volti 300, anakufa yeye, na pawa saplai nayo inakufa kwa shoti. Fundi akifungua anakuta kimfupa kimekauka juu ya bodi, na mwenye mashine anakataa kuamini. Sisimizi hufanya kazi hiyohiyo kwa umoja wao. Pwani ongeza hewa ya chumvi inayotia kutu miguu ya vifaa. Vifuniko vya chuma nyuma ya kasha, vile vya nafasi za kadi, watu huving'oa na kuvitupa. Virudishe.

Inashtuka kisha inazima

Ukiona feni zimezunguka nusu mzunguko zikasimama, standbai ni nzima, kitufe ni kizima, na amri imetoka. Kilichotokea ni kwamba pawa saplai imekutana na kitu ikajikata. Anza na matundu ya USB ya mbele. Flashi zimechomekwa na kuchomolewa humo miaka, na kijiti cha plastiki cha ndani kikivunjika, vipini vya shaba vinapinda na kugusana. Chungulia kwa tochi. Chomoa kila kilichochomekwa nje, kisha kebo ya USB ya mbele kwenye mazabodi, kisha diski, kisha kadi ya grafiki kama ipo, ukijaribu kuwasha kila hatua na ukichomoa umeme kabla ya kugusa ndani. Kitu ambacho kikitoka mashine inawaka ndicho chenye shoti.

Kama ilifunguliwa karibuni kusafishwa vumbi, angalia plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Inasahaulika kuliko zote, na bila hiyo prosesa haina umeme hata kama feni zinacheza. Angalia pia skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi.

Ikiwa inawaka sekunde nne hivi kisha inazima, kila mara muda uleule, shuku kitufe kilichonasa ndani. Kushikilia kitufe kwa sekunde nne ndiyo amri ya kuzima kwa nguvu, na mashine inatii tu.

Kwenye mazabodi za zamani tazama vichwa vya kapasita zinazozunguka prosesa. Vinatakiwa viwe bapa. Vikivimba au vikitoa uchafu wa kahawia, bodi hiyo inaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa kwenye bodi za kampuni nyingi duniani, na Dell OptiPlex GX270 ndiyo iliyopata sifa mbaya kuliko nyingine.

Feni zinavuma, kioo cheusi

Hapa pawa saplai mara nyingi haina kesi ya kujibu. Hakikisha monita imewashwa na kebo yake imechomekwa kwenye kadi ya grafiki kama mashine ina kadi, si kwenye tundu la mazabodi. Toa RAM, vile vibao vya kumbukumbu kwenye mazabodi, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa mabaki, rudisha mpaka vishikizo vilie, jaribu moja moja kwenye kila nafasi. Tiba hii ya bei ya raba inafufua mashine nyingi za pwani kuliko ninavyoweza kueleza. Kisha betri ya CR2032, ile ya mviringo ya volti 3. Ikiisha kawaida inapoteza saa na tarehe tu, lakini baadhi ya bodi hugoma mpaka ibadilishwe.

Sikiliza na uhesabu. Kwenye BIOS (programu ya kuanzishia mashine) za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi unaelekeza kwenye kadi ya grafiki. HP Compaq za ofisini za kizazi kilichopita hupepesa taa nyekundu: mara nne ni umeme, tano ni RAM, sita ni grafiki. Kila kampuni ina lugha yake, kwa hiyo tafuta mwongozo wa modeli yako hasa, si wa inayofanana nayo.

Ukienda kununua pawa saplai

Usiende Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi na jina la kompyuta kichwani. Nenda na pawa saplai ya zamani mkononi. Mashine nyingi za ofisini zilizotumika hazina plagi ya pini 24: Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6, na zote zinategemea volti 12 kuliko zile nyingine. Ya kawaida haitaingia, na adapta za kuunganishia zipo lakini zinachaguliwa kwa modeli. Rangi za nyaya nilizozieleza hapo juu nazo usizitegemee kwenye hizi.

Kwa zile za kawaida, usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma mstari wa volti 12 kwenye jedwali la lebo, uzidishe ampea zake kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 yenye ampea 16 kwenye mstari huo inatoa wati 192 pale zinapohitajika. Inatosha mashine ya kuchapia barua. Ukiwa na kadi ya grafiki ya kuchezea gemu, iache dukani.

Kuhusu mafaili: mashine kugoma kuwaka hakufuti kitu kwenye diski. Diski hutolewa, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na kazi zako zinasomeka, isipokuwa pawa saplai imekufa kwa kurusha volti nyingi ikaondoka nayo. Kuna kikwazo kipya, hata hivyo. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker au mfumo wake mdogo, na kufuli hiyo imefungamana na mazabodi. Ukihamisha diski au ukibadilisha mazabodi utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine, kwa hiyo ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu na uuandike kwenye karatasi kabla hujamkabidhi fundi kasha.